Kofi Lenye Hewa

Paka wa Wampembe alikuwa mwekundu, sikio moja limekatika. Namkumbuka vizuri kuliko ninavyowakumbuka wajomba zangu wengine, Mungu anisamehe.

Nilikuwa na miaka minane, labda tisa. Baba alinichukua tukashuka mlima mpaka kijiji cha Wampembe, ziwani, kupeleka ulezi kwa rafiki yake mvuvi na kurudi na samaki. Tulifika jua limepanda, mke wa mvuvi anabanika migebuka nje ya nyumba, harufu inatupokea tangu mbali. Mimi macho yote kwa samaki. Baba, Mfipa wa juu kabisa, hakuona samaki. Alichuchumaa pale mlangoni akaanza kupiga makofi polepole na kuuliza habari. Habari za nyumbani. Za watoto. Za nyavu. Za ziwa lenyewe. Za ile homa ya mwaka jana. Mwenyeji akaona aibu kusimama wakati mgeni kachuchumaa, naye akashuka chini. Mkewe akaacha moto, akaja kujibu za upande wake.

Ndipo paka akaja kwenye migebuka. Nilimwona. Baba naye alimwona, nina hakika, maana jicho lilimtoka. Lakini hakusema neno mpaka amalize habari za mbuzi. Siku hiyo tulikula ugali na maharage.

Wakati wa kupanda mlima kurudi nikamuuliza, "Baba, mbona hukumfukuza?"

"Salamu haikatwi kwa sababu ya paka," akasema.

Kisha akanigeukia, maana baba alikuwa hivyo, ukimuuliza lake anakukuta na lako. "Na wewe makofi yako yanalia kama mtu anayefukuza kuku. Weka hewa ndani." Akanikunjia viganja kama nimeshika yai la kanga, vidole vimebanana, pasivuje. Sauti inayotakiwa ni po, po, nzito na ya chini. Ukipiga bapa inalia pa, pa, na hiyo ni ya mpirani. Ukimpigia mkubwa wako pa, pa, ni kama kumwambia haya, maliza, nina kazi. Nilipiga makofi mlima mzima, na furushi la samaki wakavu kichwani.

Shule niliishia darasa la tatu, nikaenda kuchunga ng'ombe, kwa hiyo nilichonacho kichwani kimeingia kwa njia za namna hiyo. Daftari hili kaninunulia mkwe wangu, mke wa mwanangu wa mwisho. Kasema, baba, hizo hadithi zako ziandike, sisi tumechoka kuzisikiliza. Ni mtani huyo, na uji wake wa ulezi hauna mfano. Lakini nusura asiwe mkwe wangu, na kosa lingekuwa la vidole viwili.

Maisha yangu mengi nimelima. Zile intumba zetu, matuta ya mviringo tunayofukia majani ndani yaoze, nimezipiga mpaka mgongo ukakubali. Sasa watoto ndio wanalima, mimi nimesogea karibu na mji wa Sumbawanga, na mchana nilikuwa na kazi moja tu, kucheza drafti. Mpinzani wangu alikuwa dereva mstaafu wa malori, mtu mwenye mdomo. Ubao wake wa drafti ulikuwa rangi ya mafuta aliyoichora juu ya ukingo wa saruji mbele ya duka, kete vizibo vya soda. Mkono wa kulia unasogeza kete, wa kushoto unashika kidevu. Miaka sita hivyo, Jumapili tu tunapumzika, na siyo Jumapili zote.

Vidole vikaanza asubuhi moja. Mkono wa kushoto, kidole kidogo na jirani yake. Kwanza siafu, unajua wale siafu waliopotea njia, wanatembea ndani ya nyama. Baadaye siafu wakaondoka wakaacha ganzi. Kikombe cha chai kikanianguka. Nikasema kilikuwa na mafuta. Kidole kidogo kikaanza kukaa mbali na wenzake, kama kimenuniwa. Sikumwambia mtu.

Sasa hapo ndipo mwanangu aliponiambia amepata mchumba, binti wa kule kijijini Chala. Tukaenda, mimi, shemeji yangu na kijana mwenyewe, na jogoo. Kwao yule binti, mwenye sauti ni bibi yake, mzee wa watu, amekaa kwenye mkeka, shuka ya kanisani mabegani, maana upepo wa mwezi wa sita huku juu unakata. Nikachuchumaa. Nikapiga makofi.

Pa. Pa. Pa.

Nilisikia mwenyewe. Nikabana vidole, lakini kile kidogo kilikataa, hewa yote inatokea pale. Nikapiga tena kwa nguvu kidogo, ndio nikaharibu kabisa.

Bibi akaniangalia. "Mzee wa Sumbawanga," akasema, "tumefunga goli gani?"

Watoto wa nyumbani wakakimbilia nyuma ya nyumba kucheka. Shemeji yangu akatazama jogoo. Mimi mjinga, badala ya kusema nina ganzi, nikasema samahani, nimezoea makofi ya mjini. Ni aibu ya mtu mzima, hataki kuonekana mgonjwa mbele ya wakwe.

"Ya mjini," akasema bibi. "Basi rudini nayo mjini. Mtakuja tena mikono ikishapata adabu. Mjukuu wangu simpeleki nyumba ambayo salamu yake inanifukuza."

Karibu tunafika nyumbani ndio mwanangu akasema, "Baba, kama humtaki ungeniambia mapema." Hilo liliniuma kuliko bibi.

Basi nikawaambia nyumbani habari ya vidole. Na ukisema huku kwetu una ganzi, hutakosa madaktari. Mke wangu akasema unaulalia mkono. Shemeji akasema damu imepungua, nile maini. Jirani akainamisha kichwa, akashusha sauti: "Umefungwa, ndugu yangu. Kuna mtu anataka lile shamba la bondeni." Mji wetu una sifa hizo za uchawi, hata wageni wanazijua, na sitasema uongo, siku mbili nilimsalimia mwenye shamba la kupakana nikiwa nimeficha mkono mfukoni.

Lakini hofu yangu halisi nilikuwa siisemi. Utotoni palikuwa na mzee aliyekuwa anaokota kaa la moto kwa vidole kuwashia kiko. Tulimwona shujaa. Baadaye tukaambiwa ni ukoma, hana hisia, na akaenda kukaa mbali na watu. Kwa hiyo mimi nikawa naingia chooni na mwiba, najichoma vidole kujaribu kama bado vipo. Siku moja mke wangu akanikuta.

"Unajishona?" akasema.

Nikamwambia yote. Hakucheka. Kesho yake alinisimamisha foleni hospitalini mjini, yeye mwenyewe amenishika koti nisitoroke.

Na foleni ile ilinifunza kuliko darasa la tatu. Mama mmoja alisema yeye ganzi yake ilianzia miguuni, pande zote mbili, kama kavaa soksi ambazo hakuvaa, ikapanda, ikafika mikononi. Wakakuta sukari. Fundi cherehani mmoja alikuwa na dole gumba na vile viwili vinavyofuata, vinamuwasha akikata kitambaa, wakamwambia mshipa umebanwa kwenye kifundo cha mkono. Kijana mwingine alikuwa anakunywa dawa za kifua kikuu, zikamletea ganzi, wakamwongezea vidonge vidogo vya vitamini na wakamkataza asiache dawa. Nikaona kumbe siafu ni wamoja, vichuguu vingi.

Daktari alikuwa binti mdogo, umri wa mjukuu wangu. "Shikamoo babu."

"Marahaba."

"Vidole vipi?" Nikamwonyesha. "Miguu?" Mizima. "Shingo inauma?" Haiumi. "Pombe?"

"Kidogo."

Mke wangu akakohoa.

"Babu, kidogo ya kikombe au kidogo ya ndoo?"

"Inategemea nani kanunua," nikasema, na akaandika, sijui aliandika nini. Akanipima sukari, haikuwepo ya kutisha. Akanifumbisha macho, akanigusa kwa pamba hapa na pale, nikawa nasema naam, naam. Akatafuta mabaka mwilini, hakuna. Nikapata nguvu ya kumuuliza habari ya yule mzee wa kaa la moto.

"Si ukoma," akasema. "Na hata ungekuwa ukoma, babu, siku hizi una dawa na unapona, hakuna wa kukuhamisha." Nilitaka kulia, nikajifanya napiga chafya.

Kisha akakunja mkono wangu, akagonga kiwiko kwa ndani kwa ncha ya kidole. Umeme! Ulipiga mpaka kwenye ukucha wa kidole kidogo. Akageuza kiwiko kwenye mwanga. Ngozi pale ilikuwa ya kijivu, ngumu, kama goti la mbuzi.

"Hiki kiwiko unakiegemezea wapi?"

"Shambani," nikasema.

"Shamba la saruji," akasema mke wangu. "Lina vizibo vya soda."

Ikabidi nieleze drafti. Daktari alisikiliza, kisha akasema mshipa wa fahamu wa vidole vile viwili unapita pale kiwikoni, karibu kabisa na ngozi, na mimi nimeukalia miaka sita. Nisiegemee. Nisilale nimekunja mkono, nizungushie taulo usijikunje. Itachukua miezi. Nikiona nyama ya kiganja inakwisha nirudi upesi. Na akaniambia jambo ambalo namwambia kila mtu: ganzi ikija ghafla upande mmoja, na mdomo umeenda pembeni au maneno yamepotea, usingoje maini, kimbia hospitali.

Tukarudi Chala, safari hii na mke wangu. Kabla hata ya salamu nikamwambia bibi, mama, nilikudanganya, mkono ni mgonjwa, na ugonjwa ni drafti. Akasema nikunje shati. Akakishika kiwiko, akakigeuzageuza kama anayenunua muhogo. Akacheka mpaka shuka ikamwanguka.

"Haya, nipigie."

Nikachuchumaa, nikakunja viganja, nikapiga. Po. Po. Pa.

"Bado linavuja," akasema. Lakini uso ulikuwa umefunguka. Mazungumzo yakaenda, jogoo akapokelewa. Alipotusindikiza alisema siku ya kumtoa binti, ulezi ukishavunwa mwakani, yeye atakaa mlangoni na atanisikiliza mbele ya ukoo wote. "Likivuja, mtangoja ulezi mwingine." Alikuwa anatania. Nusu.

Mtu mwenye akili angeacha saruji siku hiyo. Mimi nilirudi kesho yake. Nikaweka kitambaa chini ya kiwiko, kikawa kinateleza. Nikahamia kiwiko cha kulia, nacho kikaanza siafu wake, sasa nina pande mbili. Nikaapa nitacheza nimekaa wima kama askari, lakini drafti haichezwi hivyo, ukiwaza kichwa chenyewe kinatafuta mkono. Dereva ananicheka. "Acha visingizio, sema umeishiwa."

Mwaka ukageuka. Vidole vinapona wiki moja, vinarudi nyuma wiki moja. Mwanangu haniambii kitu, ila akipita pale dukani ananiangalia kiwiko kabla hajaniamkia. Mashambani ulezi ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa.

Siku hiyo nilikuwa nashinda. Niseme vizuri: nilikuwa na kingi tatu, dereva ana moja imebanwa pembeni, na katika miaka yote ile sikuwahi kumfikisha hapo. Watu wamesimama. Dereva kanyamaza, jambo ambalo nalo sikuwahi kuliona. Ni zamu yangu, hatua moja, labda mbili. Nikawaza. Na nilipomaliza kuwaza nikakuta kidevu changu kimekaa ndani ya kiganja, kiwiko kiko chini kwenye saruji, na siafu wameshafika kwenye ukucha.

Nikainua mikono yote miwili, nikaikunja kama alivyonikunjia baba, nikapiga.

Pa.

"Unajipongeza kabla hujashinda?" dereva akasema.

Nikachukua kofia yangu, nikasimama.

"Wee mzee! Zamu yako!"

Nilisikia. Watu nao wakaniita, mmoja akanionyesha kwa kidole mahali pa kusogeza. Nikavuka barabara na mikono yangu mfukoni, nikaenda nyumbani, na pale kwenye saruji sijarudi.