Herufi Ishirini na Mbili

Juzi umeme ulipotea sokoni Myanga, na fundi wangu wa nguo akatoa pasi ya makaa chini ya meza. Alipuliza majivu, akaipitisha juu ya kitambaa chenye unyevu, na harufu ile iliponifikia nikajikuta nimeketi bila kukaribishwa. Jamani! Ilikuwa harufu ya nyumba yetu kwenye shamba la mzungu karibu na Kitale, miaka ya arobaini, wakati Mama alipokuwa akipiga pasi maneno yake.

Naam, maneno. Sitanii.

Baba alikuwa mlimaji wa jembe la ng'ombe pale shambani. Waliishi humo watu wa kila kabila, na Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, kila mtu akikivunja kwa namna yake. Nyumba yetu ilikuwa kando ya njia ya kwenda mjini, kwa hiyo wapita njia hawakukosa. Mama hakujua kusoma hata herufi moja, lakini alipenda msemo mzuri kuliko wenzake walivyopenda nyama. Mgeni akishapewa chai, Mama alimzuia mlangoni: "Chai umekunywa. Sasa acha neno."

Nao waliacha. Mchuuzi wa chumvi aliacha "Bandu bandu huisha gogo." Mzee mmoja wa Kisabaoti, aliyeteremka kutoka mlimani, alikuna kichwa weee, akaomba kikombe cha pili kwanza, ndipo akaacha "Papo kwa papo kamba hukata jiwe." Mama alilirudia neno lile siku nzima huku akipalilia.

Mgeni akishaondoka, kazi ilinijia mimi, Nekesa, kifunguamimba wake, niliyekuwa nimeanza shule ya pale shambani. Mama alifua mifuko ya unga ya kitambaa mpaka ikawa myeupe. Nami niliandika neno la mgeni juu yake kwa kipande cha kaa, ulimi nje, na Mama akashona juu ya alama zangu kwa uzi mwekundu alioufumua kwenye sweta kuukuu ya Baba. Mwisho alikipiga pasi kitambaa, akakitundika ukutani.

Nilikuwa mtoto wa kulalamika, nakiri. Asubuhi za Kitale zina baridi ya kuuma mifupa, na mimi nilikuwa na sababu mia za kubaki karibu na moto. Mama hakuwa mtu wa kubembeleza. Alielekeza kidevu ukutani tu, nami nikasoma kwa sauti, nikaondoka. Hesabu za kugawanya ziliponitoa machozi, kidevu kilielekea kwenye kamba na jiwe. Nilisoma, nikalia, nikagawanya. Siku ya nne zikakubali.

Nilipokuwa darasa la tatu alipita karani mmoja wa Malakisi, Mbukusu kama sisi. Alikunywa chai yake, akaacha neno ambalo Mama alilipenda kuliko yote. Alisema kwamba anayejua kuandika hakosi chakula. Ila alilisema kwa ulimi wetu wa nyumbani, ambao l na r huwa zimechanganyika ndani yake kama mahindi na maharagwe. Mimi nikaandika nilivyosikia, kwa herufi kubwa: MSHIKA KARAMU HARARI NJAA. Mama alikishona kitambaa kile wiki tatu.

Mwaka uliofuata ikasikika kwamba shule ya bweni ya wasichana, huko upande wa Bungoma, ingemchukua msichana mmoja tu kutoka shuleni kwetu. Tulikuwa wawili tuliolingana, na mwalimu angepita kuwaona wazazi kabla ya kuchagua. Niliitaka nafasi ile mpaka nikakosa hamu ya kula. Baba, kwa upande wake, hakuona maana. "Msichana akijua kuandika," aliuliza, "atamwandikia nani? Ng'ombe?"

Mama hakubishana naye. Alikitundika kitambaa cha karani mkabala na kiti cha mgeni, ili mwalimu ajionee mwenyewe mwandiko wangu.

Mwalimu alikuwa mtu wa pwani, nadhifu, mwenye Kiswahili cha kuteleza. Aliketi, akapokea chai, akainua macho. Akasoma. Akaweka kikombe chini, na kicheko kikamtoka mpaka akafuta machozi. Nilikuwa nyuma ya mlango, natamani ardhi ipasuke inimeze. Baba alimtazama Mama kwa jicho la si-nilikuambia.

"Umecheka nini, mwalimu?" Mama akauliza.

"Niwie radhi, mama. Alikusudia kalamu, ya kuandikia. Lakini hii aliyoandika ni karamu, shughuli ya watu kula na kunywa! Hata mimi nikishika karamu, sitalala njaa!"

Mama aliweka birika chini polepole. "Herufi zenye zimekosa ni ngapi?"

Mwalimu akasogea ukutani, akahesabu. "Tatu."

"Mimi nilishona ishirini na mbili. Najua, kwa sababu kila moja ilinidunga kidole. Kwa hivyo kumi na tisa iko sawa?"

"Ni kweli, mama."

"Na hizo tatu alisikia kwangu. Mimi nasema hivyo, baba yake anasema hivyo, sisi wote tunasema hivyo. Sasa makosa ni ya mtoto ama ni ya ulimi yetu? Mpereke mahali atasikia vizuri, bana!"

Alisema "mpereke," na mwalimu hakucheka. Baba alikuwa akihesabu kwa vidole, midomo ikicheza. "Kumi na tisa ni nyingi," akasema hatimaye, kama mtu anayekagua mahindi. Mwalimu akatoa daftari, akauliza jina langu linaandikwaje. Mama akaniita nitoke nyuma ya mlango niliandike mwenyewe.

Nilisoma, nikawa mwalimu. Siku moja, tayari nina watoto wangu, nilimpelekea Mama kitabu cha kuanzia kusoma, nikiwa nimejaa huruma. Mwanamke aliyekusanya maneno yote yale, nilifikiri, na hajawahi kusoma hata moja! Alikifungua, akatazama picha, akanirudishia. Kisha akanitajia misemo yote ya ukuta ule, mmoja baada ya mwingine, na aliyeuleta kila mmoja, bila kukosea. Nilimuuliza kwa nini basi alijisumbua kuishona miaka yote ile, na kudungwa vidole, ilhali alikuwa nayo kichwani.

Alinicheka. "Mimi sikuhitaji kuandikiwa, Nekesa," akasema. "Ni wewe ulihitaji kuandika."