Ndoo Mbili kwenye Foleni ya Meli

Habari zilinifikia Nanganga. Gari letu la kutoka Lindi lilikuwa limesimama, abiria wameshuka kununua ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi yetu ya porini, na mimi nilikuwa nimesharudi kitini na fungu langu mapajani, simu ikaita. Alikuwa binti wa mtani wangu wa Newala. Akasema: "Mtani, baba ametutoka alfajiri hii, akitia udhu. Tunazika kesho baada ya adhuhuri. Usichelewe." Ming'oko ile nilimpa mama niliyekaa naye. Tulipofika Masasi sikwenda nyumbani. Nilivuka stendi na mkoba wangu uleule nikatafuta gari la kupanda Newala.

Wasomaji wa safu hii wanamfahamu hata kama hawajapata kumwona. Ndiye yule "mwalimu mmoja mstaafu" ambaye nimekuwa nikimwazima humu kila ninapoishiwa hoja. Aliniomba nisimtaje jina, akasema mtu anayebadili upande kila siku hafai kuandikwa gazetini, na leo sitavunja ombi lake kwa kuwa tu hawezi kunijibu. Alifundisha shule za msingi maisha yake yote, Chiungutwa na kwingineko, akastaafu akarudi kwao Newala. Kila alipoteremka Masasi kwenda hospitali kupimwa presha, tulikutana kwenye mgahawa mmoja karibu na stendi. Koo zetu ni za watani tangu mababu, kwa hiyo tulikuwa na ruhusa ya kutukanana kabla ya chai. "Shikamoo mtani, kumbe bado hujafa?" Naye hujibu: "Marahaba. Nife niwaachie nyie wa Masasi dunia hii mwiharibu?" Hapo ndipo tunavuta viti.

Masasi hatuna upungufu wa wabishi, lakini yeye alibisha kwa utaratibu. Shuleni ndiye aliyekuwa akisimamia midahalo, na kanuni yake ilikuwa moja. Ukishatetea upande wako mpaka ukatoka jasho, mnabadilishana. Aliyetetea apinge, aliyepinga atetee, tena kwa nguvu ileile. Wanafunzi wake wa zamani wameniambia kuna waliolia kwa hasira ya kulazimishwa kubomoa ukuta waliotoka kuujenga wenyewe. Mimi pia nilikuwa nikikasirika. Kisha nikifika nyumbani najikuta naandika makala bora kuliko ile niliyokusudia.

Basi yakaja maneno ya meli. Mtakumbuka ilivyovuma kwamba meli ya matembezi itaanzia safari zake Mtwara, ipite Kilwa na Unguja, ifike hadi Ngazija na kurudi. Mwalimu alinikuta na mada hiyo mezani kabla sijamwagizia chai, na siku hiyo alikuwa amefuatana na mkewe aliyekuja kutibiwa macho. Swali lilikuwa meli ianzie Mtwara au Dar es Salaam, na mimi nikapewa Dar es Salaam niitetee. Nikasema kule vyombo ni vingi, kikiharibika kimoja kipo kingine. Hospitali kubwa zipo, mwenye presha hana haja ya kusafiri na roho mkononi. Bandari ile imezoea watu, ina kivuli, vyoo na wa kukuonyesha njia, wakati Mtwara imezoea makaa ya mawe na korosho, na gunia halidai kiti. Mwalimu akaitetea Mtwara. Mtu wa Newala anashuka asubuhi, mchana yupo bandarini, vumbi la barabara analisahau kwa kunawa uso. Hatafuti gesti, hapotezi siku nzima kwenye basi ili akapumzike. Mama lishe watauza, vijana watabeba mizigo, na mgeni wa Ulaya akishuka kula muhogo wetu atajua kwamba nchi hii ina kusini. "Na zaidi ya yote," akasema, "usiku wa kuamkia safari unalala kitandani kwako. Usingizi huo hauuzwi kokote."

Ikaja chai ya pili, tukabadilishana. Nikaimba faida za Mtwara kadiri nilivyoweza, lakini yeye alipoichukua Dar es Salaam alibadilika hata sauti. "Bandari ndogo inategemea meli moja," akasema. "Hiyo moja ikiahirisha, bandari nzima imeahirisha. Watu wameuza kuku, wamefunga nyumba, wameteremka na mizigo yao, wanaambiwa rudini, mwezi ujao. Mwezi ujao kuna mtu hayupo." Nilikuwa nimezoea kumwona akimaliza upande wa pili kwa kicheko. Siku ile hakucheka. Mkewe, ambaye muda wote alikuwa akipuliza chai yake, akaweka kikombe chini. "Nyie mwajadili bandari," akasema. "Mie sina haja na bandari. Mie nataka kupungiwa mkono." Mwalimu akainama akawa anafuta meza isiyokuwa na kitu. Nikauliza kulikoni, na ndipo wakanisimulia wote wawili, wakinyang'anyana maneno.

Ilikuwa enzi zile masika yakishika, mto Rufiji unafunga njia, magari ya Dar es Salaam yanalala kwenye tope, na sisi wa kusini tunashuka Mtwara kutafuta meli. Walikuwa wametoka kufunga ndoa. Mwalimu alitaka bibi harusi wake akapande meli, kwa sababu binti huyo alikulia juu ya uwanda wa Newala, akitazama bonde la Ruvuma kwa mbali pale kwenye genge la Shimo la Mungu, na alikuwa hajapata kukaa juu ya maji yoyote. Waliteremka na kundi la watu wa Newala, kila mmoja na ndoo yake ya bati yenye mfuniko, ndani korosho, kunde na makopa ya muhogo ya kuwapelekea ndugu. Wakafika kwenye lango la bandari kabla ya watu wote.

Sasa, msomaji ambaye hukukulia Newala, elewa jambo moja. Kule maji yalikuwa shida kuliko chakula. Bomba lilitoa lilipojisikia, na hakuna mwenye akili aliyesimama juani kulibembeleza. Unaweka ndoo yako mstarini, unakwenda shamba, ukirudi jioni unaikuta palepale, nyuma ya ile na mbele ya ile. Ndoo ni mtu. Anayeisogeza ndoo ya mwenzake amemsukuma mwenzake, na atasemwa mpaka kwa wakwe zake. Kwa hiyo watu wa Newala walifanya walichokijua. Walipanga ndoo zao mstari ulionyooka mbele ya lango, kisha wakaenda zao, wengine kuswali, wengine kunywa uji kivulini, roho kwatu.

Lango lilipofunguliwa, wachukuzi waliona ndoo zisizo na wenyewe zimeziba njia. Wakazisogeza ukutani, kwa adabu kabisa. Waliosimama kwa miguu yao wakaingia, wakiwemo, kwa masikitiko makubwa, watu wa kwetu Masasi. Wenzetu waliporudi meli imeshajaa na lango limefungwa. Ndoo zote zilikuwepo. Haikupotea hata korosho moja. Kilichopotea ni meli. Mwalimu aligombana na kila mwenye kofia. Bibi harusi alikaa juu ya ndoo yake akatazama walioko juu wakipunga mikono na walioko chini wakiwapungia, na baada ya muda akajikuta na yeye anapunga, ingawa hakumjua yeyote kule juu. "Nilipunga mpaka mkono ukauma," aliniambia. "Nikasema, iko siku na mie nitapungiwa." Mwalimu akamwapia palepale kwamba watapanda meli, na wataipandia kwenye lango lilelile, watu wa kwao wakiona.

Meli iliyofuata ilimkuta na mimba. Nyingine ikamkuta Mwalimu amehamishiwa shule ya mbali. Kisha likajengwa daraja, ikaja lami, na meli za abiria zikaacha kuja. Mama yule amekwenda Dar es Salaam kwa basi mara nyingi, kulea wajukuu na kutibiwa, na kila mara basi limeondoka alfajiri watu wamelala. Ndiyo maana uvumi wa meli mpya ulimpandisha Mwalimu wazimu. Binti yao anayeishi Dar es Salaam aliwaambia wasisubiri, waende kwake, huko vyombo vya Unguja vipo kila siku, atawapandisha yeye mwenyewe. Mwalimu akakataa. Meli ya Mtwara ikatangazwa, ikaahirishwa, ikatangazwa tena. Mara ya mwisho kuonana, mkewe akiwepo, nilimwambia, "Mtani, wewe si uliitetea Dar ukanishinda?" Akanijibu, "Nilitetea kwa mdomo. Dar es Salaam nani atampungia? Mie sikumwahidi meli tu. Nilimwahidi lango lile." Macho ya mkewe yalikuwa yanazidi kufifia, presha ya Mwalimu inapanda, na wote watatu tulilijua hilo tulipokuwa tukiagana.

Nimemkasirikia, na sioni haya kusema, kwa kuwa mtani ana haki ya kumkasirikia maiti. Lakini njia nzima ya kupanda Newala, gari likihema kwenye kona za mlimani, nilikuwa nikimtetea pia, kama alivyonifundisha. Zamani kusafiri kulikuwa na mashahidi. Mtu akiondoka anasindikizwa na mtaa mzima, anafungiwa chakula, anaombewa dua, na wanaobaki wanasimama mpaka asionekane. Siku hizi tunaondoka gizani tukiburuta mabegi, tunaulizwa kwa simu "umefika?" tukiwa bado njiani. Wanaopima kama bandari ya kwetu inafaa kuanzia safari hupima kina cha maji na idadi ya vitanda vya hoteli, na wana haki. Hakuna anayepima idadi ya watu watakaokuja kukusindikiza. Mwalimu alipima hicho tu, akakipa uzito kuliko vyote.

Siku ya mazishi watani tulifika tumejipanga kwa mizaha yetu ya msibani, kama ilivyo desturi. Jeneza lilipotoka ndani lilikuta njia imezibwa. Kuanzia kizingitini mpaka njia ya makaburini tulikuwa tumepanga ndoo za jirani zote, ya kwanza ikiwa ile ya bati ya marehemu mwenyewe, kutu imeshaila matako. "Hapiti mtu!" akapaza sauti mtani mwenzangu kutoka Lisekese. "Pana foleni hapa! Huyu kazi yake kuweka ndoo akaenda kulala kivulini, leo ajifanya ana haraka?" Watu walicheka huku wanalia, hata shehe alificha tabasamu kwenye ncha ya kilemba. Wakati ubishi umenoga nikaguswa bega, nikaitwa ndani. Mjane alikuwa amekaa mkekani, amejifunika. Kando yake palikuwa na ndoo ya bati, pacha wa ile ya nje.

"Mtani," akaniambia, "kaniwekee. Nyuma ya ile yake. Asiingie mtu katikati."

Niliibeba. Nilipotokea nayo mlangoni watu waliijua kabla sijasema neno, na kicheko kikakatika. Nyuma ya ndoo ya Mwalimu hapakuwa na nafasi. Nikasimama nayo mkononi, kwa sababu hata mimi wa Masasi najua kwamba pale ndoo ya mtu haisogezwi. Basi aliyekuwa wa pili akatoka kwenye kundi, akainua ndoo yake mwenyewe akairudisha nyuma. Wa tatu akafanya vivyo hivyo, na wa nne, mmoja baada ya mwingine, pasipo kuambiwa, mpaka mwisho wa mstari. Nikaiweka chini. Yule mtani wa Lisekese akafuta uso kwa kiganja akasema kwa sauti ndogo, "Haya, zamu yake imefika. Mpisheni." Jeneza likapita kando ya ndoo zote, na uwanda mzima ulikuwa umesimama kumsindikiza.

Nilirudi kwa arobaini. Ndoo za jirani zilikuwa zimechukuliwa na wenyewe, lakini zile mbili zilikuwa palepale uani, moja nyuma ya nyingine, na kuku wamezoea kulala kati yake. Nilimwamkia mjane, akaitikia, kisha akaniambia nimletee ndoo yake ndani.

"Kulikoni, Mama? Mvua?"

"Hapana. Foleni ile zamu yangu itafika yenyewe, hata nisipoweka ndoo. Nikitoka eda naenda kwa mwanangu Dar es Salaam, nikapandie meli hukohuko, macho yangali yaona."

"Na kupungiwa mkono je?"

"Si ndiyo maana nakwambia wewe? Utashuka nami mpaka Dar es Salaam. Usimame pale chini unipungie mpaka mkono ukuume."

Nimekubali, na wasomaji wangu wa Masasi na Newala wenye nafasi nawaomba twende wengi. Mwalimu alikuwa sahihi juu ya kila faida na kila hasara aliyoitaja, kwa pande zote mbili. Alikosea jambo moja, na aliyelisahihisha ni mkewe. Alidhani wa kupunga mkono wanapatikana Mtwara peke yake. Bandari haihami, lakini watu wanahama, na anayekupenda atateremka nawe hadi kwenye lango lolote. Kwa hiyo kama kuna mtu umemwahidi safari, usimwekee ndoo kwenye lango lililofungwa kwa sababu tu liko karibu na nyumbani. Mpeleke kwenye lililo wazi, na uwabebe wa kumpungia.

Nilitoka hadi uani nikainua ndoo ya Mama, nikaifuta vumbi, nikamwingizia ndani. Ya Mwalimu nimeiacha palepale.