Gitari ya Mgongo wa Beseni

Juzi nilikwenda na Maman sokoni Kamembe kununua vitu vya bweni: ndoo, sabuni na beseni la kufulia. Mabeseni yalikuwa yamepangwa juani, moja juu ya jingine, na nilipoinama kuchagua, harufu ya plastiki iliyopata joto ikanipanda puani. Nikabaki nimeinama hivyo hivyo.

"Unaona nini, mutoto?" Maman akauliza.

Nikasema hakuna. Mimi ni mtu wa kusema hakuna. Lakini ninyi naweza kuwaambia: ilikuwa harufu ya gitari ya Papa, ile ya pili, ile nyeusi, ambayo sisi watoto tuliiita Beseni.

Ya kwanza ilikuwa ya mbao tupu. Papa aliipata Bukavu akiwa kijana, kabla familia yao haijarudi Rwanda, kwa fundi aliyetengeneza pia viti na majeneza. Papa alisema ndiyo sababu ilikuwa na uvumilivu. Mgongo wake ulikuwa bapa, rangi ya chai ya maziwa. Tulikaa Muganza, karibu na kiwanda cha simenti, na joto la bonde la Bugarama halina huruma na mbao. Kila kiangazi mgongo ule ulipasuka mahali papya, na kila mara Papa aliuziba kwa gundi ya seremala, akaufunga kwa mpira wa baiskeli mpaka ukauke. Ulikuwa na makovu mengi kuliko magoti yangu.

Akitoka kwenye mashine ya kusaga mawe, Papa alioga kutoa vumbi, akaketi kwenye kiti kifupi nyuma ya nyumba na kuipiga. Namna yake ilikuwa moja tu. Aliikumbatia tumboni, akainamisha kichwa mpaka kidevu kikalala kwenye ukingo wa mbao, akafumba macho. Wapita njia walidhani amesinzia. Mimi nilikuwa naenda kumwegemea mgongoni, na wimbo ulinifikia ukipitia kwenye mifupa yake, ukinitikisa kidogo kama paka anavyokoroma. Kwa kweli sikumbuki maneno ya nyimbo zile. Nakumbuka ule mtikisiko.

Kitu kingine: Papa alisema kwa sauti kubwa. Akiomba chumvi, jirani alijua tunakula. Lakini Muganza watu wa mashine wote husema hivyo, na wake zao, na watoto wao pia, kwa hiyo hakuna aliyejiuliza lolote. Ukisema polepole kwetu, watu wanauliza kama unaumwa.

Papa alikuwa mpiga gitari wa kwaya yetu. Wanakwaya walimpenda, lakini waliona aibu kwa ile gitari yake iliyofungwa mpira wakati kwaya nyingine zinakuja na vyombo vinavyong'aa. Nilipokuwa darasa la tatu, wakamtafutia nyingine kupitia watu wanaovuka mpaka. Ilifika kanisani siku ya Jumapili, imeviringishwa kitenge. Mzee Damasi, prezida wa kwaya, akaifunua mwenyewe.

Mbele ilikuwa gitari kama gitari. Nyuma, jamani! Haikuwa na mgongo wala mbavu. Ilikuwa ya duara, imemiminwa kipande kimoja cha plastiki ngumu, nyeusi, inang'aa kama mende aliyepakwa mafuta.

"Hii haipasukake!" Mzee Damasi akatangaza, akiigonga kwa kidole, ko, ko, ko. "Jua, hapana! Mvua, hapana! Na iko na fasi ya kuingiza kamba ya bafle. Papa Clarisse, hii njo ng'ombe yako!"

Aliposema ng'ombe, mambo yalikuwa yamekwisha. Kwetu, ng'ombe uliyepewa kwa urafiki harudishwi, wala hatajwi kasoro, na wewe uliyepewa ni lazima siku moja utoe ndama. Papa aliipokea kwa mikono miwili. Wamama wakapiga vigelegele. Kisha, kabla hajagusa hata uzi mmoja wa ile mpya, akainua ile ya mbao na kumkabidhi Elie, kijana wa kwaya aliyetoka Nyakabuye, ambaye alikuwa anajifunza kwa kuangalia vidole vyake.

"Na hii njo ndama," Papa akasema.

Kanisa zima likasimama. Mimi, Clarisse mwenyewe, nililia kwa fahari. Maman peke yake alimnong'oneza, "Ungengojea kwanza." Hakumjibu. Nikadhani hataki tu kumjibu.

Akaketi kuipiga. Lile duara likateleza kwenye paja lake kama samaki aliyetoka majini. Akalivuta, likageuka likatazama dari. Akalibana kwa kiwiko, likamsukuma tumbo.

"Papa Clarisse!" mama mmoja wa sauti ya kwanza akaita. "Ile mimba iko ya nani?"

Tulicheka mpaka mchungaji akacheka. Papa naye alicheka, kidogo baada yetu, akitazama midomo ya watu. Halafu akainamisha kidevu kama kawaida yake, na hapo ukingo ukamkwepa, kwa sababu mgongo wa duara hauna mahali pa kutulia. Akajaribu tena. Ukamkwepa tena. Wakaichomeka kwenye bafle, ile spika kubwa ya kanisa, sauti ikatoka kali, safi, ikafika mpaka kwenye malori barabarani. Kwaya ikaanza. Vidole vya Papa vikaja nyuma yake, kama mtu anayefuata msafara gizani.

Sitaki kuisema vibaya gitari ile. Ilifanya yote iliyoahidiwa. Siku moja ilianguka kutoka kwenye pikipiki, tukaifuta vumbi, basi. Ilinyeshewa, ikakauka. Jua la Bugarama liliichoka. Maman aliishonea mkanda, akabandika sponji mgongoni ili isiteleze, na kweli ilitulia kidogo. Lakini Papa aliikumbatia kama mtu aliyeweka sikio kwenye mlango wa nyumba ambayo wenyewe wamehama.

"Papa, inalia muzuri sana!" tulimwambia.

"Aksanti, banangu," alijibu, na kuiweka chini.

Alianza kuchelewa mazoezi. Baadaye akaomba zamu za jioni kiwandani, na Elie akashika nafasi yake. Watu wakasema Papa amejivuna, amepewa ng'ombe hataki kumchunga. Hilo lilimfikia. Angesema nini? Kwamba zawadi ya kanisa zima haimfai? Beseni likapanda juu ya kabati. Na mimi nikaacha kumwegemea mgongoni, maana hapakuwa tena na kitu cha kuja.

Mwaka jana nilimsindikiza hospitalini. Daktari alikuwa na chuma chenye meno mawili, kama uma. Akakigonga, kikaimba, akakishika karibu na sikio la Papa.

"Unasikia?" akauliza.

Papa akatikisa kichwa. Daktari akakigonga tena, safari hii akakibandika kwenye mfupa nyuma ya sikio.

Papa akafumba macho. Kidevu chake kikashuka polepole, mahali pale pale kilipokuwa kinashuka zamani.

"Njo vile," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Njo vile ilikuwaka."

Daktari alieleza kwamba ugonjwa ulianza zamani, nyuma ya ngoma ya sikio, unaongezeka polepole. Sikumsikiliza vizuri. Nilikuwa nahesabu upya maisha yetu: lile jibu ambalo Maman hakulipata, kile kicheko kilichochelewa, yale mazoezi. Mbao zile zilizopasuka zilikuwa zinampelekea wimbo kifuani na tayani. Mgongo wa plastiki umetengenezwa urushe sauti yote mbele, kwa watu. Watu walisikia. Yeye aliachwa nyuma ya gitari, peke yake.

Tulipofika nyumbani nilimpigia simu Elie. Gundi iliachia msimu mmoja wa mvua, akasema, ikafunguka yote. Mbao za mgongo mama yake alizitumia kuwatengenezea kuku mahali pa kutagia.

"Samahani, dada. Hakuna mwenye alinambia."

Hakuna aliyejua, ndiyo sababu.

Nikashusha Beseni kutoka juu ya kabati. Vumbi likatoka kwa kufuta mara moja, na chini yake ilikuwa inang'aa kama Jumapili ile. Papa amepata mvi, mimi nimekuwa mrefu kuliko Maman, na yenyewe haina hata mkwaruzo. Nilipiga magoti mbele ya kiti chake, nikalishika lile duara kwa mikono yote miwili, kwa nguvu, lisigeuke. Papa akanielewa. Akalaza kidevu kwenye ukingo, akagonga uzi mnene, akangoja. Akagonga tena.

"Unasikia, Papa?" niliuliza, nikiinua uso ili aione midomo yangu.

Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa.

"Iko mbali," akasema.