Mikono Mfukoni, Mdomo Useme

Simu ya mwalimu ilinikuta dukani kwangu Kijenge, nimeinama chini ya kaunta namtafutia mteja waya wa klachi ya pikipiki. Mwalimu wa chekechea hakupigii asubuhi kukujulia hali tu.

"Shikamoo baba," alisema. "Mtoto ni mzima, usishtuke."

Nikashtuka.

Mtoto wangu alikuwa mzima kweli. Aliyeumia ni mwenzake. Binti yangu, wa miaka mitano, alikuwa amejenga nyumba ya vipande vya mbao, mwenzake akaibomoa, naye akaokota kipande kimoja akampiga nacho juu kidogo ya jicho. Nilipofika, mama wa yule mtoto alikuwa ameshafika, amemshikilia mwanawe kitambaa usoni. Nikaomba radhi. 

"Ingekuwa jicho, je?" aliuliza.

Swali lile nilirudi nalo nyumbani. Mke wangu alikuwa Dodoma kwenye mafunzo ya kazi, kwa hiyo nilikuwa peke yangu na mtoto, na kwa mara ya kwanza nilianza kuiogopa mikono yake. Akishika uma, naangalia. Akicheza na watoto wa jirani, nasimama dirishani. Nilikokulia mimi, Kilimanjaro, mtoto mkorofi dawa yake ilikuwa moja tu, na hakuna aliyewahi kunionyesha nyingine.

"Usimpige," mke wangu aliniambia kwenye simu.

"Sijampiga."

"Najua. Ndiyo maana nasema mapema."

Mwalimu ndiye aliyenipa pa kuanzia. "Hasira hatuwakatazi, baba," alisema. "Hasira ni kama mkojo. Itamjia tu, lakini ina mahali pake pa kupelekwa. Tunamfundisha kuiwahi." Akanionyesha wanavyofanya darasani: mikono mfukoni, mdomo useme. Mtoto anaficha mikono, kisha anataja kwa sauti kilichomuudhi.

Jioni ile tukajaribu. Nikamwambia ajenge nyumba ya viberiti, kisha nikaibomoa makusudi. Aliniuma kidole gumba. Tukarudia siku nyingine, na nyingine. Ilifika jioni moja akaingiza mikono mfukoni, akanipigia kelele, "Umeniudhi! Umeniudhi baba!" Nilimpongeza, lakini moyoni sikutulia. Nyumba ya viberiti ni mchezo, na anayeibomoa ni baba yake. Je, siku ikiwa si mchezo?

Siku hiyo ilikuja Jumamosi moja tulipopanda Nkoaranga kumsalimia mama mkwe wangu. Ni mama wa kanisani, mkarimu kupita kiasi, na watoto aliwalea kwa chakula kingi na kijiti cha mbuni, mti wa kahawa. Habari za shuleni sikuwa nimemwambia. Niliona aibu.

Asubuhi nzima alikaa na mjukuu wake, wakatengeneza mwanasesere wa nyuzi za mgomba, na nywele amesukwa. Halafu bibi akaingia jikoni, nami nikateremka shambani kukata mkungu wa ndizi. Nilikuwa napanda nao begani kwenye kile kijia cha mteremko nilipoona yanayotokea uani. Binamu wa binti yangu, msichana aliyemzidi miaka kama miwili anayeishi na bibi, alimpokonya yule mwanasesere akamrusha zizini. Ng'ombe akaanza kumtafuna.

Binti yangu alisimama pale pale. Miguuni pake, juu ya migomba iliyokatwakatwa kwa ajili ya ng'ombe, lilikuwa limelala panga.

Nilitaka kumwita. Nikaogopa kwamba nikipiga kelele ndiyo atashtuka na kuliokota. Nikaona mikono yake ikishuka. Ilipapasa ubavuni mwa gauni, ikapapasa tena. Lilikuwa gauni la kutokea, halina mifuko. Alitazama huku na huku kama aliyepotea, kisha akaichomeka mikono kwapani, akafumba macho, akapiga ukelele ambao nadhani waliusikia hadi ng'ambo ya korongo.

"Nimekasirika! Umempa ng'ombe mtoto wangu! Nimekasirika!"

Bibi akatoka jikoni mbio. Alichokiona yeye ni mtoto mdogo anamfokea mkubwa wake katikati ya ua. Akavunja kijiti cha kumchapa.

Niliutupa mkungu nikakimbia, nikaingia katikati yao nikihema. Tangu nioe sikuwa nimewahi kumpinga mama yule hata kwa neno dogo.

"Mama, naomba usimchape."

"Unanizuia mimi? Hapa kwangu?"

"Nisamehe mama. Nakuzuia." Nikamwonyesha panga, kisha nikamweleza yote, ya mbao, ya jicho, ya mikono mfukoni. Nilisema ovyo ovyo, bila mpangilio.

Mama mkwe akaliokota panga akaliingiza ndani. Kijiti akakitupa. Alimtuma yule mkubwa akaombe msamaha, na akaomba, kwa shingo upande. Chakula cha mchana bibi alinipakulia kama kawaida, lakini hakunitazama. Niliwaza atakavyompigia mke wangu. Niliwaza watakavyonisema ukoo mzima.

Tukaaga. Tulikuwa tumeshateremka nusu ya njia ya kwenda barabarani, binti yangu aliposimama.

"Baba, bibi amekasirika?"

"Ndiyo, nadhani."

"Amesema?"

"Hapana, hajasema."

"Basi twende tukamuulize."

Nilimwambia tutachelewa gari. Nilimwambia bibi amechoka. Hakuna kilichomwingia, alikuwa ameshageuka anapanda. Nikamfuata.

Tulimkuta ameketi kwenye kigoda, anachambua kahawa kwenye ungo. Mtoto akasimama mbele yake.

"Bibi, umekasirika?"

Nikajua sasa mambo yameharibika. Mama mkwe aliendelea kuchambua, akatupa punje mbovu moja, na nyingine.

"Nimekasirika," alisema.

"Sana?"

"Sana. Baba yako amenizuia mbele ya watoto." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Na lile panga nililiacha pale mimi mwenyewe. Nalo hilo linanikasirisha."

Binti yangu aliitikia kwa kichwa polepole, kama mwalimu wake. Halafu akachuchumaa kando ya ungo akaanza kuchambua naye, akitupa punje nzima pamoja na mbovu. Bibi alizirudisha zile nzima. Baadaye akanisukumia kigoda cha pili kwa mguu. Nikakaa, nikashika kahawa kidogo, tukaendelea hivyo hadi gari letu likapita kule chini bila sisi.