Yoyo ya Kumpelekea Yaya

Enzi zetu hapa Kasongo, yoyo haikununuliwa dukani. Ilizaliwa jikoni, mama akiwa hatazami. Tulingoja makopo ya maziwa yaishe, nayo hayakuisha haraka, maana mama aliyafungia kabatini kama dhahabu ya mgodi wa Salamabila. Tukishapata vifuniko viwili, tulivijaza udongo wa mtoni, tukavianika juani, kisha tukaviunga kwa kijiti cha mpera. Uzi tuliuchomoa kwenye mifuko ya unga na kuusokota pajani mpaka ngozi ikawasha. Wenzangu wa rika langu mnaosoma haya, najua mapaja yenu yanakumbuka.

Aliyetufundisha sote mtaani alikuwa msichana: dada yangu mkubwa, Mwamini, ambaye mpaka leo namwita Yaya. Baada ya alasiri, tukitoka chuoni kusoma Kurani, vidole bado vina wino, Yaya alisimama mlangoni kwetu akaitupa yoyo yake bila kuitazama, huku anaongea na mtu mwingine, nayo ikarudi kiganjani kama kuku anayejua nyumba yake. Za kwetu zilipasuka udongo. Jikoni mawese yalichemka, mchele mpya ulinukia, na sauti ya mama ilitukumbusha kwamba maji hayajachotwa. Lakini mama hakuwa na ugomvi na yoyo. Alikuwa akisema, "Mukono wenye kulala unasahau njia ya kinywa." Kwake yeye, mkono unaocheza angalau ulikuwa macho.

Wakati wa kula tuliketi wote kuzunguka sinia moja. Yaya ndiye aliyepitisha birika la kunawia, na Yaya ndiye aliyempiga kibao yeyote aliyepeleka mkono wa kushoto kwenye chakula. Hakuwa na upendeleo. Mimi nilivila vingi.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu mwaka huu Yaya alipooza upande mmoja. Aliolewa Kabambare tangu ujana wake, na sasa ni mjane, anaishi na binti yake Amina. Kwa rehema za Mungu ulimi ulirudi, mguu nao ukarudi, lakini mkono wa kulia ulibaki mzito. Amina alinipigia simu.

"Mujomba, mama anakataa kula na sisi. Anasema kama ni kwa mukono wa kushoto, atakula peke yake chumbani."

Muuguzi alikuwa amesema mkono upewe kazi ndogondogo, wakampa mpira wa kuminya. Yaya aliurudisha, alisema yeye si mtoto mchanga. Nilikaa na maneno hayo baada ya sala ya alfajiri, ndipo yoyo ikanijia moyoni.

Nikaenda sokoni kwa Shabani, kijana anayeuza betri, redio na vitu vya watoto. Sikuwa nimeshika yoyo tangu ndevu zangu zianze kuota. Alikuwa nazo za namna tatu, nami mkono ukaenda kwenye ile ya chuma inayong'aa. Niliitupa, ikashuka vizuri, ikazunguka kule chini ikiimba. Nikaivuta. Haikuja. Nikaivuta tena, ikaendelea kuimba peke yake mpaka ikafa. Vijana waliokuwa wanachaji simu walicheka kwa adabu, yaani waligeukia ukuta.

"Mwalimu, hiyo haiwezi kurudi hivyo," Shabani akasema. "Iko ya wenye kucheza michezo mingi. Sharti uishike na kamba kwa ufundi, ndiyo ipande."

"Na mutu mugonjwa ataweza huo ufundi?"

"Hata mimi mwenye kuuza sijaweza."

Nilipaswa kusikia. Lakini macho ya mzee nayo hupenda kinachong'aa, nikaichukua. Nyumbani nikafanya tunavyofanya sisi watu wa huku kwa kila kinachozunguka, iwe baiskeli, cherehani au bawaba ya mlango: nikaitia mawese. Na kweli ilirudi, maana mafuta yalizishika zile gololi ndogo zilizomo ndani. Nilimshukuru Mungu mapema mno. Ilirudi na mawese yote, ikayapanga kwa mstari mwekundu juu ya kanzu yangu ya Ijumaa, toka magotini mpaka kifuani. Mke wangu aliishika kanzu kwa ncha za vidole.

"Baba Hamisi, mugonjwa ni yaya wako ao ni wewe?"

Nilirudi kwa Shabani, na safari hii niliketi kwenye benchi nikajaribu bila haraka. Ya pili ilikuwa ya mbao, uzi umefungwa kwa nguvu kama zile zetu. Ilirudi upesi na kunigonga kifundo cha kidole. Mkono wa Yaya usingewahi kufunguka. Ya tatu ilikuwa ya plastiki, ya kijani, haina sura. Gololi ilikuwa nazo, ila nafasi kati ya pande zake mbili ilikuwa nyembamba. Niliitupa, ikakaa chini ikizunguka, kana kwamba inaningoja. Nikaivuta kidogo tu, kwa kidole, ikapanda.

"Hii iko na subira," nikamwambia. "Nipe hii."

Akanibadilishia, ingawa ile ya kwanza ilikuwa inanuka jiko. Mungu ambariki.

Njia ya Kabambare sitaisimulia. Waliopanda pikipiki humo wanaijua, na wengine wasiitamani.

Nilimkuta Yaya barazani, mkono ameuficha chini ya kitenge. Sikumtajia dawa wala muuguzi. Niliketi karibu naye nikaanza kutupa yoyo. Alivumilia kidogo.

"Musa, mpaka leo unatupa kama mutu anatupa maganda ya ndizi."

"Basi nionyeshe, Yaya."

"Na mukono gani?"

"Ule wenye ulitufundisha."

Aliukunjua ukingo wa kitenge taratibu. Kisha akautoa mkono, nami nikamvisha kitanzi kidoleni. Yoyo ilianguka, ikazunguka, ikasimama. Basi. Kesho yake vilevile. Kila siku baada ya alasiri tulikaa pale, yoyo ikizunguka chini na kidole chake kikitafuta nguvu. Siku nyingine ilipanda nusu, tukaipokea hiyo nusu kwa shukrani. Mpaka alasiri moja kidole kilivuta, kidogo kuliko mtu avutavyo uzi wa sindano, nayo ikapanda yote, na vidole vikajifunga juu yake polepole.

"Hii haiko yoyo," akasema. "Iko mbwa. Unaita, inakuja."

Jioni ile Amina alileta sinia la wali na sombe ya majani ya muhogo, akachukua sahani ya pembeni kuipeleka chumbani.

"Unaenda wapi na chakula yangu?" Yaya akamuuliza. "Leta birika hapa."

Vijana wa leo wana yoyo zinazozunguka mpaka mtu anachoka kungoja, na wanajisifu kwamba hazirudi zenyewe. Zetu zilikuwa za udongo na zilivunjika kabla ya magharibi, lakini zilijua kurudi. Sinia letu zamani lilizungukwa na watoto mpaka magoti yakagongana. Wa siku zile tumebaki wawili. Yaya alisema bismillahi, akafinyanga tonge. Nusu ya punje zilianguka mkekani, na tonge likafika. Kwa furaha nikajisahau, nikanyoosha mkono wa kushoto kuziokota.

Nikapigwa kibao. Kilikuwa chepesi kama jani, lakini kilitoka kulia. Alhamdulillahi.