Upande Uliochomwa Sindano

Kijiji kizima cha Chinongwe kilimwamini Gaudens kwa kupulizia mikorosho. Bomba lake aliliosha mwenyewe, na hakuruhusu mtu mwingine kupima dawa. Mwenye shamba akimharakisha apige dawa ya maji na salfa ya unga siku moja, alivua bomba mgongoni na kukaa chini. Majani yataungua, alisema. Ngoja ya kwanza ikauke.

Mwaka 2021, msimu wa kupulizia, alichanjwa chanjo ya Uviko bega la kushoto. Wiki chache baadaye alianguka shambani, bomba likiwa mgongoni. Mkono na mguu wa kushoto vikalegea, mdomo ukaenda upande, ulimi ukawa mzito. Hospitalini Nachingwea walisema ni kiharusi.

Josephina, mkewe, alikuwa ameipinga chanjo tangu mwanzo. Sindano ilichomwa kushoto, na kushoto ndiko kulikokufa. Alitaka ushahidi gani tena? Jirani yao Ausi alikuja kuwapa pole, akautazama ule mkono muda mrefu.

"Shemeji," alisema, "mbuzi ukimchoma shingoni havimbi mkiani."

Daktari aliagiza kidonge cha presha kila asubuhi bila kuruka, maana kiharusi cha pili kingeweza kumuua. Josephina alimuuliza kuna nini kinachofichwa hata asisitize hivyo. Daktari hakukasirika. Alikiri kwamba baadhi ya chanjo zimewahi kugandisha damu kwa watu wachache sana, kwa hiyo hawezi kuapa kwamba chanjo haihusiki. Lakini presha aliyomkuta nayo Gaudens ilitosha yenyewe kumwangusha. Je, vile vidonge vya presha alivyoandikiwa zamani alikuwa anavimeza? Josephina alijibu kwamba alimwona akivichukua kila siku, kwa macho yake.

Nyumbani alivipandisha vidonge vipya juu ya kabati, akawa anampa uji mtupu. Binti yao Teddy alipouliza, aliambiwa kwamba waliotoa sindano ndio hao hao waliotoa vidonge.

Ulimi wa Gaudens ulianza kurudi polepole. Asubuhi moja alielekeza mkono wake mzima, wa kulia, kwenye kabati.

"Kidonge."

"Cha watu wale wale, Baba Teddy?"

Alihangaika kuyatamka maneno. "Vile vya zamani... niliacha."

Josephina aliacha kukoroga uji. "Lini?"

"Siku ya sindano. Nikasema ngoja ya kwanza ikauke."

Hakuna aliyemshauri, na yeye hakumuuliza muuguzi. Alijiamulia tu kwamba mwili nao usipigwe dawa mbili kwa pamoja. Kila asubuhi alikichukua kidonge mbele ya mkewe, akaenda nacho chooni akakitupa, ili asisumbuliwe.

Uji ukashika chini; Josephina akauepua. Chanjo hakuisamehe, hadi leo anasema nayo ilichangia. Lakini asubuhi ile alivuta kigoda, akapanda, akashusha vidonge. Gaudens alikipokea kimoja, akanywa maji, akajifuta mdomo.

Mkewe hakuondoka.

"Fungua mdomo," alisema. "Inua ulimi."

Gaudens alicheka kwa upande mmoja, akafungua. Josephina alimgeuza kwenye mwanga wa mlango, akaanza kuchungulia shavu la kushoto, lile lililokufa ganzi, ambamo hata kidonge kikibaki mwenyewe asingekisikia.