Samaki Kabla ya Ugali

Nyumbani kwetu Ujiji sheria ya sinia ilikuwa moja, na mtunga sheria nilikuwa mimi: hakuna kugusa samaki mpaka ugali ufike nusu. Mama alipofariki, mwaka mmoja baada ya baba, nilibaki na wadogo watatu na elimu ya darasa la sita. Hesabu za sehemu zilinipita shuleni, nikazikuta jikoni: samaki mmoja wa mgebuka, watu wanne, kila siku. Aliyetanguliza kitoweo nilimpiga mwiko wa vidole. Ugali wa muhogo ulikuwepo wa kutosha. Samaki alikuwa wa kunusia na kuagana naye. Mdogo wetu wa mwisho, wa kike, ndiye aliyeujua mwiko kuliko wote. Aliwahi kuficha kichwa cha samaki ndani ya tonge, akalitafuna tonge lile huku ananitazama machoni kama mtu asiye na habari.

Nayasema haya ili ieleweke aibu niliyokuja kuipata ukubwani, nikiwa fundi wa mashine za boti, mtu anayeamkiwa na mwalo mzima wa wavuvi.

Ugonjwa wangu ulianza kama tabia mbaya. Kila siku, saa nne za asubuhi, nilikuwa mtu mwingine. Jasho lilinitoka pasipo jua, mikono ikatetemeka, moyo ukaenda mbio, na mteja aliyeniuliza swali la kawaida nilimjibu kwa matusi ambayo sikujua kama ninayo. Spana mbili zimo ziwani hadi leo. Wavuvi walikuwa na maelezo yao. Mmoja alisema nina shetani wa majini. Mwingine, mwenye akili zaidi, alisema nina njaa. Akaniletea soda baridi, nikainywa kwa mkupuo, na baada ya robo saa nikawa mtu mwema tena, nawaomba radhi niliowatukana. Saa saba nikaanza upya. Ikaletwa soda nyingine. Hivyo ndivyo nilivyotibiwa kwa miezi mingi, na mganga wangu alikuwa muuza soda.

Nadhani ningeendelea hivyo hadi kaburini kama yule mdogo wetu wa mwisho asingechumbiwa.

Mchumba alikuwa kijana wa Mwandiga, mwalimu, mpole. Baba akiwa hayupo na babu hayupo, wa kumwoza binti ni kaka yake mkubwa. Hilo nililingojea tangu siku nilipompiga mwiko wa kwanza. Nilijiambia kwamba nikimwoza huyu kwa mkono wangu, kazi niliyoachiwa nitakuwa nimeimaliza, na marehemu wawili kule waliko hawatanidai neno.

Siku wazee wa Mwandiga walipokuja kukubaliana mahari, sikula tangu asubuhi kwa shughuli. Walipofika, nikala nao vitumbua na halua, nikanywa juisi ya embe iliyotiwa sukari kwa ajili ya heshima ya wageni. Nilishiba utamu. Mazungumzo ya wazee yana mzunguko mrefu: walianza na mvua, wakapita kwenye maharage, wakafika kwa marehemu wa pande zote mbili. Walipofika kwenye mahari yalikuwa yamepita masaa mawili na nusu, na mimi nilikuwa nalowana ndani ya kanzu.

Bibi harusi alikuwa ameniagiza vitu viwili tu, msahafu na cherehani.

"Haya, bwana," alisema mjomba wa kijana, mzee mwenye ndevu nyeupe aliyekuwa msemaji wao. "Binti yetu anataka nini?"

"Msahafu," nikasema. Kisha kile cha pili kikanipotea. Nilijua ni mashine, mashine ya nini sikukumbuka. Kinywa kikaamua chenyewe. "Na mashine ya farasi arobaini."

Wale wazee wakatazamana. Mwandiga wanalima, boti hata moja ya kufungia mashine hiyo hawana.

"Farasi arobaini," alisema yule mjomba taratibu. "Binti anakwenda kuvua?"

Nilitaka kujirekebisha, badala yake nikamwita bibi, kisha nikalala ubavu juu ya mkeka, mbele ya wageni, nikitetemeka kama kuku aliyechinjwa. Nilimsikia mmoja wao akinong'ona neno kifafa. Mdogo wangu wa kiume akanimwagia soda kinywani, nikafufuka, lakini neno lilikuwa limeshatoka mlangoni na kuvaa viatu.

Kesho yake akaja baba mdogo. Huyu ni ndugu wa marehemu baba, anakaa Buzebazeba, hapa hapa mjini, na miaka yote ile ya mgebuka mmoja hakuijua njia ya kwetu. Sasa aliijua.

"Mwanangu," alisema, "mimi sina ubaya. Lakini walii, mwenye kuoza, sharti awe na akili zake. Ukimshika bwana harusi mkono halafu ukaanguka, ndoa itakuwa imekwama hewani. Na wale watu wameshaanza kuuliza kama ni ugonjwa wa ukoo. Niachie mimi. Kanzu ninayo."

Mdogo wangu, mwenye ndoa yake, alikuwa anapepeta mchele pembeni. Hakuinua kichwa. "Baba mdogo, nisipoozwa na kaka siolewi."

"Na akianguka?"

"Atanyanyuliwa. Siku zote ananyanyuliwa."

Wakakubaliana, mimi nikiwa nimekaa katikati yao kama mzigo, kwamba nina mwezi mmoja. Nikianguka tena ndani ya mwezi huo, au siku yenyewe nikionyesha dalili, baba mdogo ataoza. Akaondoka akipima upana wa ua wetu kwa macho.

Zahanati nilikwenda na mdogo wangu huyo. Daktari alikuwa binti mdogo kuliko yeye, akaniambia nirudi siku ninayotetemeka, nisinywe kitu njiani. Kesho yake saa nne nikapanda bodaboda kutoka mwaloni, nimemkumbatia dereva kiunoni kama mchumba, mdogo wangu akiwa ametangulia kuningoja. Daktari akanitoboa kidole, akatazama kile kipimo.

"Sukari yako imeshuka," akasema.

"Alhamdulillah," nikajibu.

"Alhamdulillah," akaitikia mdogo wangu.

Yule binti akatutazama kama watu wawili waliokosea mlango. Lakini jamani, mjini kwetu sukari ni kitu kinachopanda. Kila nyumba ina mtu wake wa sukari, na siku ikishuka hupelekwa shukrani. Habari zangu zilipofika mtaani, majirani walipita kunipa hongera. Jirani mmoja mwenye sukari ya miaka mingi aliniuliza kwa wivu natumia mti gani.

Daktari akaniongezea sukari kidogo ili nimwelewe, akanipa na mkate wenye yai, kisha akaanza upelelezi.

"Asubuhi ulikula nini?"

"Chai na maandazi matano."

"Chai ina vijiko vingapi vya sukari?"

"Kijiko hatutumii," alisema mdogo wangu. "Anamimina."

Daktari akaeleza kwamba utamu ukiingia kwa pupa juu ya tumbo tupu, sukari hupaa, mwili wangu hushtuka na kuikimbiza kwa nguvu kupita kiasi, mpaka inaporomoka chini ya pale ilipoanzia. Soda ilikuwa inanipandisha ili inidondoshe vizuri zaidi. Alitaka kunipima na mambo mengine ahakikishe hakuna jingine lililojificha, na alinipima, siku tatu tofauti. Lakini hilo la soda nililielewa papo hapo, maana ni la kazini. Mashine ukiimiminia petroli nyingi kwa mara moja inakohoa, inajaa, inazima. Fundi mjinga huiongezea.

Akanipa masharti. Kitu kitamu nisianze nacho siku. Nisikae muda mrefu bila kula. Nile kidogo, halafu baadaye kidogo tena. Nikianza kutetemeka, nilambe sukari kidogo tu, kisha nile chakula cha kweli juu yake. Nikimaliza kula nitembee, nisijilaze. Yote hayo nilikubali.

"Na ukila ugali," akasema, "anza na samaki na mboga. Ugali ufuate."

"Hilo haliwezekani."

"Kwa nini?"

Nikatafuta neno la kitaalamu, sikulipata. "Ni uroho."

Mdogo wangu alicheka mpaka akatoka nje.

Mwezi ule nililelewa na niliyemlea. Asubuhi alinipa uji wa ulezi usio na sukari, nikaunywa na uso wa mtu aliyefiwa upya. Mayai ya kuchemsha niliyabeba ndani ya sanduku la vifaa, na karanga kwenye mfuko wa ovaroli, mfuko mmoja na plagi za mashine. Siku moja nilitafuna plagi, na niliyekuwa namtengenezea mashine akasema sasa ameelewa kwa nini zinapotea. Chai niliinywa chungu. Wavuvi waliniletea soda kwa mazoea, nikazikataa, na yule muuzaji akaacha kuniamkia.

Kwenye sinia ndipo palikuwa pagumu. Wadogo zangu, watu wazima wenye watoto, waliacha matonge yao wakanitazama nikinyoosha mkono kwenye samaki wakati ugali bado unatoa moshi. Siku ya kwanza sikuweza kabisa. Mkono wangu wenyewe ulikwenda kwenye ugali kwa adabu ya miaka yote. Mdogo wangu akaingia jikoni, akarudi na mwiko, akanipiga nao vidole. Hakunipiga kwa utani.

"Samaki kwanza," akasema. "Hukumwogopa Mungu wakati ule ukitupiga, leo unamwogopa mgebuka?"

Nikala samaki kwanza. Mwezi ukapita, nikatetemeka mara mbili tu, zote mwanzoni, na zote kwa kosa langu. Baba mdogo alipita kila Ijumaa kuulizia hali yangu kwa masikitiko ya mtu anayesubiri.

Siku ya ndoa walitakiwa kufika baada ya adhuhuri, tuoze, ndipo tule. Nilikuwa nimejipanga kwa saa hizo, yai langu nimelila. Wakafika kwa wakati. Ambaye hakufika alikuwa shehe: palitokea msiba mtaa wa Mwanga, na maiti haipishi bwana harusi. Baba mdogo, ambaye ghafla alikuwa mwenyeji kuliko mimi, akaamuru wageni wale kwanza.

Ikaanza halua. Niliipitisha kwa mjomba wa kijana bila kumega.

"Mwenye nyumba hali halua yake?" aliuliza yule mzee, kipande kikiwa njiani kuelekea kwenye ndevu. "Mmetia nini humu?"

Wenzake wakaacha kutafuna.

"Mzee, mimi ikinigusa ndiyo ile ya farasi arobaini."

Akalitazama lile pande, akalila, akasema kwa hiyo lile langu apewe yeye. Baba mdogo aliliwahi.

Kisha yakaja masinia, wali na samaki aina ya kuhe, mmoja mkubwa katikati ya kila sinia, na kama kawaida mwenyeji hukaa na wakwe. Mikono sita ikaingia kwenye wali kwa heshima. Mkono wa saba, wangu, ukaenda moja kwa moja kwenye mgongo wa samaki, ukamega pande la kutosha mtu na nusu. Nilikula pande lile lote kabla ya kugusa punje ya wali, na nilisikia masikio yangu yakipata moto. Watu wa Mwandiga walinitazama kama alivyonitazama mama siku niliyojikojolea msikitini.

"Bwana," alisema yule mjomba, "samaki huyu ana miguu?"

"Hana, mzee. Mimi ndiye ninayetoroka."

Akafikiri. "Basi kula. Heri mkwe mroho kuliko mkwe wa mashine."

Wakacheka, na mimi nikafuatisha wali kidogo, nikanawa, nikatoka kutembea ua mzima, mara kumi na kitu, nikiwa na kanzu na kofia. Watoto walinifuata nyuma wakidhani ni sehemu ya sherehe.

Shehe alifika yakikaribia masaa mawili tangu tule. Hiyo ndiyo saa yangu. Ninaijua kama mdaiwa anavyojua hatua za mdai. Baba mdogo akaketi ubavuni mwangu na kanzu iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe, akawa ananichungulia paji la uso kama linatoka jasho. Alikohoa kusafisha koo. Nyuma ya pazia wanawake wakasogea karibu. Nikampa bwana harusi mkono. Wake ulikuwa umelowa na unatetemeka. Wangu niliuangalia, ulikuwa mkavu, umetulia.

"Nimekuoza dada yangu," nikasema, "kwa mahari mliyopatana, msahafu na cherehani."

Nilisikia neno cherehani likitoka zima, herufi zake zote. Kabla bwana harusi hajafungua kinywa, kigelegele kikapigwa nyuma ya pazia, kirefu, kimoja, pasipo wa kukisaidia. Kila mtu aliijua sauti ile. Ilikuwa ya bibi harusi mwenyewe, jambo ambalo kwetu halifanywi.

Shehe akainua kidole, akaomba utulivu huko ndani, akasema bwana harusi bado hajakubali.